Upande wa Pili wa Fuawe

Joka halikumuudhi. Joka lilikuwa na vichwa vitatu, linatema moto na kupaa na ng'ombe mzima mdomoni, na Shangazi alilitazama kwenye kompyuta bila kutia neno. Aliyempandisha hasira ni mhunzi.

"Huyu anafanya nini?" aliuliza.

"Anatengeneza upanga, Shangazi."

"Kwa uji?"

Maana mhunzi wa kwenye mchezo alikuwa ameyeyusha chuma mpaka kikawa uji, akakimimina kwenye kalibu, na kabla mtu hajapepesa macho upanga ukatoka. Akaugonga mara tatu. Mara tatu! Cheche zikaruka hadi darini. Akauzamisha kwenye pipa la maji, mvuke ukapanda, na upanga ukaibuka unameremeta, umeshavaa mpini, mpana kama mlango wa choo. Mhunzi mwenyewe alikuwa kifua wazi, misuli imepakwa mafuta, hana aproni, hana hata kovu moja mikononi.

"Chuma kilichomiminwa namna hiyo ukikigonga kwenye jiwe kinakatika vipande," Shangazi alisema. "Na huyu bwana, cheche moja tu ikimdondokea kitovuni mtaa mzima utajua."

Binti wa mdogo wake alicheka mpaka akashika meza. "Shangazi, ni mambo ya kubuni. Si unaona kuna mpaka majoka?"

"Joka sijawahi kuliona, kwa hiyo siwezi kubisha. Chuma nakiona kila siku."

Kompyuta ilikuwa imewekwa juu ya meza ya karakana, katikati ya majembe mawili yasiyo na mipini na kopo la misumari. Karakana ilikuwa ya baba yao, sasa ilikuwa ya mdogo wake, ambaye wateja walimwita Fundi. Huyu binti alikuwa mtoto wa Fundi, msichana wa miaka ishirini na minne aliyekimbia moshi wa karakana akaenda kuchora picha kwenye kampuni ya kutengeneza michezo ya kompyuta. Kwa kuwa yeye alimwita Shangazi, mtaa mzima ulimwita Shangazi, wakiwemo watu waliomzidi umri.

"Ndiyo maana nimekuja," binti alisema, sasa bila kicheko. "Wachezaji wanalalamika. Wanasema mapigano mazuri, lakini uhunzi wetu ni wa kitoto. Bosi anataka uhunzi halisi. Sauti halisi, mikono halisi. Nikamwambia mimi nimezaliwa kwenye karakana. Tutakuja kurekodi hapa, na kwenye kasha la mchezo yataandikwa maneno hayo hayo: uhunzi halisi."

Fundi, aliyekuwa akijifanya anasafisha koleo, alinyanyua kichwa. Shangazi alimwona anavyovuta tumbo ndani, kana kwamba kamera imeshafika. Lakini yeye pia moyo ulimruka, na hakujificha. Alipanguza mikono kwenye aproni akauliza watu wangapi watauona mchezo huo.

"Wengi, Shangazi. Laki kadhaa, tukijaliwa."

Laki kadhaa. Na hakuna hata kumi waliowahi kumwona akifanya kazi.

Mambo yalikuwa hivi. Baba yao alipoishiwa nguvu alimkabidhi mtoto wa kiume nyundo ndogo, na Shangazi, binti yake mkubwa, akampa nyundo kubwa. Asiyejua uhunzi anaweza kudhani mkubwa ndiye aliyependelewa. Wapi! Mwenye nyundo ndogo ndiye bwana. Mkono wa kushoto anashika chuma kwa koleo, mkono wa kulia anagonga pale anapopataka, na aliyesimama upande wa pili wa fuawe, lile pande la kufulia chuma, anashusha nyundo kubwa pale pale, si nusu inchi huku wala kule. Mdogo anaonyesha, mkubwa anapiga. Akitaka kusimamisha kazi hapigi kelele, maana hasikiki. Anagonga fuawe tupu mara moja, ngii, na nyundo kubwa inabaki hewani mpaka atakapogonga chuma tena. Watoto wao wote walijua ngii hiyo kabla hawajajua kuvaa viatu.

Upande huo wa pili wa fuawe Shangazi alikuwa amesimama miaka ishirini na sita. Sururu, mashoka, patasi za waashi, ndoano za kubebea magogo, hakuna chuma kinene kilichotoka mlango ule bila kupita kwenye mabega yake. Bega la kulia lilikuwa limevimba kuliko la kushoto, na fundi cherehani wake alijua kumwongezea nusu inchi upande huo bila kuulizwa. Lakini wateja waliingia wakasema, "Fundi, kazi nzuri," wakatoka. Yeye walimuuliza kama kuna maji ya kunywa. Basi alitaka kitu kimoja tu kutoka kwenye huo mchezo wenye majoka: watu wauone upande wa pili wa fuawe, na wajue kuna mtu pale.

Siku ya kurekodi walikuja watu watano na mabegi meusi. Bosi alikuwa kijana mpole mwenye vipokea sauti masikioni, aliyeuliza kila kitu kwa adabu na hakusikiliza jibu lolote. Walitundika vinasa sauti juu ya fuawe, Fundi akachomoa motoni kipande cha springi ya lori kikiwa chekundu kuelekea njano, na kazi ikaanza. Fundi gonga, Shangazi shusha. Fundi gonga, Shangazi shusha. Chuma kilikuwa kinalainika na kurefuka vizuri, na yeye alikuwa anapiga kwa raha kama zamani, jasho linamtiririka, akijua mpwa wake wa kompyuta anamtazama.

Bosi aliinua mkono. "Samahani. Hii sauti mbona imezubaa?"

Kweli, chuma cha moto hakilii. Kinasema du, du, kama mtu anayetwanga. Wote waliowahi kukaa karakana wanajua hivyo.

"Ndivyo kilivyo," Shangazi alisema. "Kikilia ujue kimepoa, na kikipoa ujue unakiharibu."

"Ila kuna ile nyingine," Bosi akasema, macho yanamng'aa. "Ile ya mwisho, ngiii! Ile ndiyo yenyewe. Ile mtu akiisikia anajua hapa kuna mhunzi."

"Ile ni ya kusimama."

"Inasikika vizuri sana," alisema Bosi, akamgeukia Fundi. "Unaweza kutupa hiyo hiyo, mfululizo? Na, samahani mama, ungesogea kidogo. Mhunzi wetu yuko peke yake."

Shangazi alimtazama mdogo wake. Alidhani atacheka, au atasema bwana mdogo, hii kazi ni ya watu wawili. Fundi alikuna shingo.

"Kaa pembeni kidogo, dada," alisema. "Wana utaratibu wao."

Akakaa pembeni. Kwa muda wa saa nzima mdogo wake, mtoto wa mhunzi, mjukuu wa mhunzi, alisimama anagonga fuawe tupu kama mwehu, ngii, ngii, ngii, chuma kimepoa pembeni hakuna anayekijali. Kila ngii ilimwingia Shangazi mabegani na kumwambia simama. Na alikuwa amesimama kweli, nyundo mkononi, hana la kufanya.

Kisha wakawasha kamera kwa ajili ya mahojiano. Bosi akauliza, "Fundi, kazi nzito namna hii unaifanya na nani?"

Fundi alijipanguza uso. Kulikuwa na hatua nne kati yake na dada yake.

"Peke yangu," alisema. "Tangu utoto."

Binti aliinamisha macho. Shangazi aliiweka nyundo kubwa ukutani taratibu, kwa sababu angeiachia ingevunja sakafu, akatoka nje akanawa uso. Maji hayakusaidia. Alishindwa hata kutukana, na yeye kutukana alikuwa hodari.

Alisubiri mpaka wageni waondoke, akamfuata mdogo wake.

"Peke yako?"

"Dada, usilikuze jambo. Nilijibu walichotaka kusikia."

"Nani kakwambia walitaka kusikia uongo?"

"Mhunzi wao yuko peke yake. Ningesema tuko wawili wangeenda karakana nyingine." Akaongeza kwa sauti ya kubembeleza, "Jina la karakana likipaa, si letu sote?"

"Jina la nani liko kwenye hiyo karatasi yao ya mkataba?"

Lilikuwa la Fundi.

Angekuwa mtu mwingine angeacha kazi siku hiyo. Lakini kulikuwa na sururu thelathini za wachimba mitaro, na wachimba mitaro hawakuwa wamemkosea. Akaendelea kupiga miezi minne, wakisemeshana kwa nyundo tu. Ukitaka kujua ndugu wawili wanaweza kufanya kazi pamoja bila neno hata moja la ziada, nenda karakana. Binti alikuja mara mbili kuomba radhi. Alieleza kwamba amebishana ofisini: ule uji wameuondoa, upanga umepunguzwa upana, hata aproni mhunzi kavalishwa. Mtu wa pili wamekataa, kwa kuwa ingebidi wamchore upya, wamfundishe kutembea, na muda hakuna.

"Kwa hiyo joka la vichwa vitatu limefundishwa kutembea," Shangazi alisema, "mimi ndiye ningewachelewesha."

Binti alifungua mkoba. Aliacha kadi mbili za mwaliko wa uzinduzi mezani, moja ya baba yake, moja ya Shangazi.

Shangazi alikwenda. Alivaa gauni lake zuri, lile lililoongezwa nusu inchi begani, kwa sababu alitaka kuona kwa macho yake uhunzi halisi unafananaje bila yeye.

Uzinduzi ulifanyika mchana kwenye ua wa kampuni. Kulikuwa na skrini kubwa, viti kama mia mbili vilivyojaa vijana, jukwaa lenye zulia jekundu, na juu ya zulia, Mungu atusamehe, tanuri la makaa lenye mvukuto wa kupulizia moto, na fuawe ya kukodi. Zulia na makaa! Kwenye skrini mhunzi alikuwa anagonga, ngii, ngii, ngii, na kijana mmoja mbele alikuwa anacheza: kila ngii ikilia, anabonyeza kitufe, nyundo inashuka, alama zinapanda. Akichelewa, upanga unaharibika. Watu walishangilia. Laki kadhaa za watu walikuwa wanafundishwa kwamba simama maana yake piga.

Bosi alichukua kipaza sauti. Akamtambulisha Fundi, bingwa wa uhunzi, anayefanya kazi peke yake tangu utoto, ambaye sasa atafua upanga wa kwenye mchezo mbele ya macho yao. Makofi yakapigwa. Fundi akapanda na aproni mpya, akalitazama pande la chuma lililoandaliwa, na Shangazi akaona rangi ikimtoka. Lilikuwa nene kama mkono wa mtoto. Nyundo ndogo ingeligonga mpaka wiki ijayo.

Fundi aliangaza macho kwenye viti akamtafuta dada yake, akampata. Shangazi hakusogeza hata kidole. Peke yako, alisema moyoni. Haya.

"Hapa nitahitaji mtu wa kunisaidia nyundo kubwa," Fundi alimwambia Bosi kwa sauti ya chini, ila kipaza sauti kilikuwa wazi na wote wakasikia.

"Tunaye!" Bosi alishangilia. Akapandishwa yule mtu ambaye mwili wake ndio uliochorwa kuwa mhunzi, mnyanyua vyuma wa jimu. Watu wa ofisini walimwita Kifua, na hapakuwa na haja ya kuuliza kwa nini. Alivua fulana, vijana wakapiga mbinja. Akaipima nyundo kubwa mkononi na kuwaambia watu kwamba amecheza mchezo huu miezi mitatu na hajapitwa na mtu kwa alama.

Chuma kilitoka motoni chekundu. Fundi akagonga, Kifua akashusha. Nguvu alikuwa nazo, tusimnyime haki yake, ila alipiga popote. Pigo la kwanza likaangukia pembeni, la pili likaenda kombo, la tatu likaupindua upande mmoja wa chuma, na koleo likaanza kuteleza. Chuma kinachoteleza kwenye koleo ni balaa. Fundi akafanya alichofanya miaka yote. Akagonga fuawe tupu, ngii, akaweka nyundo yake chini, akapeleka vidole kwenye koleo kukikaza.

Shangazi alishasimama. "Acha!" alipiga kelele. "Acha, wewe!"

Kifua aliisikia ngii. Akashusha kwa nguvu zake zote.

Koleo lilikatika. Chuma kiliruka hewani kikaangukia kwenye zulia, zulia likashika moto, na vijana wakainuka wakishangilia, wakidhani ni sehemu ya onyesho. Fundi alikuwa amepiga magoti akiushika mkono wake wa kushoto kwa wa kulia. Shangazi alifika jukwaani bila kujua amepita juu ya viti vingapi. Akaukunjua mkono ule, akahesabu vidole. Vitano. Mchubuko tu kwenye kifundo cha mkono. Binti alikuwa anamwagia zulia maji ya chupa huku analia.

"Kwa nini umepiga?" Shangazi alimuuliza Kifua.

Kifua aliilaza nyundo kubwa chini. "Si aligonga? Akigonga ndiyo unapiga. Mchezo wote uko hivyo."

Hakuwa na kosa, maskini. Alikuwa amefundishwa vizuri.

Shangazi akamgeukia Bosi, na hakuhitaji kipaza sauti. "Nilikwambia! Ulikuja karakana kwangu, nikakwambia kwa mdomo wangu, ile ni ya kusimama. Ukasema inasikika vizuri. Mwaka mzima mnakaa kwenye viti vya kuzunguka mnahesabu magamba ya joka, moja moja, lisipungue hata gamba, joka ambalo hakuna mtu aliyelizaa wala kulizika! Sisi tulio hai tunaungua mkaona shida kutuuliza. Na mkiuliza hamsikii. Halafu mnaandika halisi. Halisi ya nani? Ningekuwa pale upande wa pili, hii nyundo ingebaki hewani!"

Bosi alisema ni bahati mbaya, na kwamba msaidizi wa Fundi ana uchungu unaoeleweka.

"Si msaidizi," Fundi alisema.

Alikuwa bado yuko magotini. Akainuka, akachukua kile kipaza sauti, na sauti yake ikatoka nyembamba kupita kiasi. "Mimi sijawahi kufua chuma kinene peke yangu. Hata kimoja. Nilisema uongo kwenye kamera. Vyote vile anavipiga dada yangu huyu. Mimi huwa namwonyesha tu pa kupiga."

Hapo hakuna aliyeshangilia. Halafu mtu mmoja wa nyuma akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata.

Shangazi alikuwa ameyasubiri maneno hayo miaka ishirini na sita. Sasa yamekuja, na aliyapima akaona hayatoshi. Yalikuwa mazuri. Lakini yalikuwa yametolewa na nyundo ya Kifua. Kama vidole visingeingia hatarini, Fundi angeshuka jukwaani na sifa zake zote.

"Njoo, dada," Fundi alisema, akiokota nyundo yake ndogo. Akamsukumia mpini wa nyundo kubwa kwa mguu. "Tumalize, tuwaonyeshe."

Shangazi akautazama ule mpini. Akaupita. Akanyoosha mkono, akaichukua nyundo ndogo kutoka mkononi mwa mdogo wake, na mdogo wake, kwa mshangao, akaiachia. Kisha akachukua koleo la akiba.

"Yako ni ile," alisema.

"Dada."

"Ile pale chini."

Fundi aliwatazama watu, akamtazama binti yake, ambaye alikuwa ameacha kulia. Uso ulimcheza. Kama angecheka, Shangazi angeshuka jukwaani na asingerudi karakana maisha yake yote, na nadhani Fundi aliliona hilo. Akainama akaiokota nyundo kubwa kwa mikono miwili.

"Hii sijaishika tangu baba yuko hai," alisema.

"Najua."

Akazunguka fuawe akasimama upande wa pili. Akaitanua miguu, akaiinua nyundo mpaka usawa wa bega, mikono ikawa inamcheza kwa uzito. "Nipige wapi?" aliuliza.

"Hupigi popote. Chuma kimepoa," Shangazi alisema, akakiokota kwenye zulia lililolowa na kukirudisha kwenye makaa. "Nenda kavukute."

Fundi akaiweka nyundo chini mbele ya watu wote, akaenda kuvukuta moto.